Kumbukumbu ya Reli ya Kusini na Wahandisi Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa walimu, serikali za vijiji na mitaa, vikundi vya vijana na yeyote wa Mtwara au Lindi anayetaka kuweka alama ya kuwaheshimu waliopima na kujenga reli iliyotoka pwani kwenda Nachingwea. Msimamo wetu tunautaja mapema. Kazi ya mhandisi wa reli inaonekana kwenye tuta, kalvati (tundu la kupitishia maji chini ya njia) na mkunjo wa njia. Ukivibomoa ili upate mawe ya kujengea mnara, umemvunjia heshima mtu yuleyule uliyetaka kumkumbuka.

Reli ya Kusini ni ipi hasa?

Ni njia iliyojengwa na serikali ya kikoloni katika Jimbo la Kusini kwa ajili ya Mradi wa Karanga, yaani mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwenye mashamba makubwa, baada ya Vita Kuu ya Pili. Pamoja na matawi yake ilikuwa na zaidi ya kilomita 200. Geji yake, yaani upana kati ya reli mbili za njia, ilikuwa milimita 1,000, sawa na reli ya zamani ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Iliendeshwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Haikuungana na Reli ya Kati mahali popote. Vichwa vya treni, mabehewa na vyuma vyote viliingia kwa bahari.

Mbona wazee wa Lindi wanasema ilianzia kwao, na wa Mtwara wanasema ilianzia kwao?

Wote wanasema kweli. Bandari ya Lindi ina kina kidogo na meli kubwa haziwezi kufunga gatini, hivyo wapangaji waliichagua ghuba ya Mtwara yenye kina kirefu. Lakini gati la Mtwara lilihitaji miaka kujengwa, na matrekta yalikuwa yanasubiriwa Nachingwea. Kwa hiyo njia ya kwanza ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari karibu na Lindi, na ikafika Nachingwea mwaka 1949. Gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, na njia ya kutoka Mtwara ikawa ndiyo kuu. Ukiandika kibao, taja ncha zote mbili. Kibao kinachoitaja moja tu kitazua ugomvi usio na sababu.

Kwa nini ilikufa mapema hivyo?

Mpango wa mwaka 1946 ulikuwa wa mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yakiwa Tanganyika, na zaidi ya nusu ya hayo ya Tanganyika yalipangwa Jimbo la Kusini. Reli ilipimwa kwa kutegemea mzigo huo. Matrekta yalishindwa na visiki, mvua ikawa haitabiriki, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36. Mizigo iliyobaki haikutosha kuilipia njia gharama zake. Ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Kilichoshindwa ni hesabu ya karanga, wala si ufundi wa njia. Tunasisitiza hili kwa sababu vijana wengi husikia kwamba reli ilijengwa vibaya.

Kibao kiandikwe jina la mhandisi gani?

Usichonge jina lolote kwenye jiwe kabla ya kuliona katika hati ya wakati ule: ripoti ya mwaka ya shirika la reli, mchoro uliosainiwa, au barua ya ofisi. Pa kuanzia ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Hifadhi ya nyaraka ya Uingereza iliyoko Kew nayo ina majalada ya wizara zilizosimamia mradi. Omba majalada ya Jimbo la Kusini ya 1947 hadi 1954, na andika namba ya jalada pembeni ya kila jina unalolinakili. Majina ya kusikia huharibika haraka. Tahajia hubadilika, na mara nyingi anayekumbukwa ni msimamizi wa kambi, kwa kuwa ndiye aliyeonekana kila siku, huku mpimaji aliyechagua njia akisahaulika.

Ukikosa hati, usiache kazi. Heshimu fani: wapimaji, wahandisi, wajenzi wa madaraja, vibarua wa tuta. Nafasi ya jina iachwe kwenye kibao cha pili kidogo kitakachowekwa baadaye. Tunaona hilo ni bora kuliko jina la kubahatisha lililochongwa kwenye granaiti.

Kwingine wamewaheshimuje wahandisi wa reli?

Mifano mitatu inatosha kukupa mawazo. Austria, kwenye kituo cha Semmering, kuna mnara wa mwaka 1869 wa Carl von Ghega, aliyeongoza ujenzi wa njia ya milimani ya kilomita 41 kati ya 1848 na 1854. Umesimama pale pale njia inapopita, na njia bado inatumika. Msafiri anausoma mnara, kisha anaiona kazi yenyewe kwa macho.

Uswisi wamekwenda mbali zaidi. Reli ya Gotthard ina njia ya chini kwa chini ya kilomita 15 iliyochimbwa 1872 hadi 1882. Mkuu wa kazi, Louis Favre, alifia ndani yake mwaka 1879, na wafanyakazi wapatao 200 walikufa pia. Huko Airolo kuna sanamu bapa ya shaba iliyochongwa na Vincenzo Vela, ikionyesha wachimbaji wamembeba mwenzao aliyekufa. Mkuu na kibarua wote wamekumbukwa.

Mfano wa tatu ni wa nyumbani. Makaburi ya wataalamu wa Kichina wa TAZARA yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Njia hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa 1970 hadi 1975. Wahandisi na mafundi wamelala pamoja, kila mmoja na jiwe lake. Anayeweza asafiri akapaone kabla ya kuchora chochote.

Nitajuaje kwamba tuta hili ni la reli na si barabara ya zamani?

Pima vitu viwili, mwinuko na mkunjo. Treni haiwezi kupanda kama lori, wala kukata kona kama lori.

Kwa mwinuko, tumia mpira wa maji wa fundi mwashi, wenye urefu wa mita 25 hivi. Simamisha fito mbili umbali wa mita 20 juu ya tuta, jaza maji hadi mapovu yaishe, weka alama ya usawa wa maji kwenye kila ufito, kisha pima kutoka alama hadi ardhini. Tofauti ya sentimita 40 ni mwinuko wa 2 kwa 100, ambao reli inaumudu. Ikizidi sentimita 60, hapo huenda ni barabara, au tuta limemomonyoka. Rudia sehemu tatu tofauti kabla ya kuamua. Kosa la kawaida ni povu la hewa lililobaki ndani ya mpira, na hilo peke yake linaweza kukudanganya kwa sentimita kadhaa.

Kwa mkunjo, vuta kamba ya mita 20 ikaze, ncha zote mbili zikiwa kwenye ukingo uleule wa tuta upande wa ndani wa kona, kisha pima katikati: kutoka kamba hadi ukingo. Ikiwa ni sentimita 25, nusu kipenyo cha kona ni mita 200. Kanuni yake: urefu wa kamba zidisha kwa wenyewe, kisha gawanya kwa mara 8 ya kipimo cha katikati, vyote kwa mita. Ukipata zaidi ya sentimita 50, kona ni kali mno kwa njia kuu ya geji ya mita.

Halafu tazama dalili nyingine. Juu ya tuta pawe na upana wa mita 4 hadi 5. Chimbua kidogo uone kama kuna kokoto zilizovunjwa zenye ncha kali, tofauti na changarawe ya mto iliyo laini. Kalvati za reli hukaa chini kabisa ya tuta na kuta zake husimama wima pande zote mbili. Mashamba ya mkonge ya ukanda wetu nayo yalikuwa na reli nyembamba za toroli, za upana wa sentimita 60 hivi, zilizolazwa karibu juu ya ardhi tupu bila tuta la maana. Vipande vya reli hizo ndivyo vinavyoletwa mara nyingi vikidaiwa kuwa vya Reli ya Kusini.

Wazee waulizwe, tena kwa utulivu na heshima. Swali zuri ni "Shikamoo babu, treni ilikuwa ikisimama wapi kuchukua maji?" kuliko "Reli ilipita wapi?" Injini za mvuke zilihitaji maji kila baada ya umbali fulani, na mahali pa maji hukumbukwa vizuri kuliko njia. Mzee akiweza kutembea, nendeni naye, kisha chukua majira ya mahali (namba za GPS) kwa simu. Simu hukosea kwa mita 5 hadi 10, kwa hiyo chukua mara tatu na uandike wastani.

Je, sheria inalinda mabaki haya?

Si moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Kilicho cha baadaye, kama reli hii, kinahitaji kutangazwa rasmi na waziri. Halmashauri nazo zina uwezo wa kutunga sheria ndogo za kuhifadhi maeneo yao ya kihistoria, na kwa kalvati moja au kipande cha tuta njia hiyo ni fupi zaidi. Peleka picha, vipimo, majira ya mahali na muhtasari wa mkutano wa kijiji kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Vibali vya kujenga vinatoka wapi?

Kwanza mwenye ardhi, kwa maandishi. Pili serikali ya kijiji au mtaa. Tatu kibali cha ujenzi cha halmashauri. Ikiwa ni karibu na barabara kuu au ya mkoa, kumbuka hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukijenga ndani yake utawekewa alama ya X, na hakuna wa kumlaumu. Shirika la Reli Tanzania liandikiwe pia, hata kama hapajaonekana reli kwa miaka 60.

Kipande cha reli tukinunue kwa wauza vyuma chakavu?

Hapana. Vyuma vya reli ni miundombinu ya umma, na anayekutwa navyo bila barua anaweza kushtakiwa, hata kama nia yake ilikuwa njema. Omba kwa barua kutoka Shirika la Reli Tanzania, ukitaja urefu na matumizi.

Ukikipata, soma maandishi yaliyoinuka kwenye shingo ya reli, yaani kati ya kichwa na kitako. Kwa reli za Kiingereza utaona kiwanda, mwaka na uzito kwa ratili kwa yadi. Zidisha ratili hizo kwa 0.496 upate kilo kwa mita. Reli ya ratili 60 ina takriban kilo 30 kwa mita, hivyo kipande cha mita 3 ni kilo 90 na kinataka watu wanne wa kukibeba, wenye glovu na viatu vigumu. Mwaka ulioandikwa ni wa kiwanda kuitengeneza reli. Usiuandike kwenye kibao kama mwaka wa kujengwa njia.

Muundo gani wa kumbukumbu mnapendekeza?

Kipande cha njia kilicholazwa kama kilivyokuwa, na kando yake nguzo fupi yenye kibao. Reli iliyosimamishwa wima kama mlingoti ni nzuri kwa picha, lakini haimfundishi mtoto chochote kuhusu reli, na inaoza kwenye shina ndani ya miaka michache.

Andaa kitanda cha kokoto cha mita 3 kwa 2.4, kina sentimita 20. Hizo ni kokoto mita za ujazo 1.5 hivi. Laza mataruma matano, yaani vipande vinavyokingama chini ya reli kuzibeba, kwa nafasi ya sentimita 65 kutoka katikati hadi katikati. Yakiwa ya chuma ni bora zaidi, kwa kuwa reli za Afrika Mashariki zilitumia sana mataruma ya chuma kwa ajili ya mchwa. Juu yake weka reli mbili za mita 3. Geji hupimwa kutoka uso wa ndani wa kichwa cha reli moja hadi uso wa ndani wa kichwa cha nyingine, na iwe milimita 1,000 kamili. Mafundi wengi hupima katikati kwa katikati, wakapata njia nyembamba kwa sentimita 6 hivi. Kata kijiti cha mita 1 kamili ukipitishe kwenye kila taruma kabla ya kukaza bolti.

Msingi wa nguzo unahitaji vifaa gani?

Kwa msingi wa mita 1.2 kwa 1.0, unene sentimita 30, zege la 1:2:4: saruji mifuko 2 na nusu ya kilo 50, mchanga toroli 3, kokoto toroli 6 za lita 60. Nondo za milimita 10 kila sentimita 20, pande zote mbili. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Zege jepesi linalomwagika kama uji hubaki na matundu, na chumvi ya hewa yetu hupitia humo hadi kwenye nondo. Kwa sababu hiyohiyo, acha sentimita 5 za zege kati ya nondo na nje. Funika kwa magunia mabichi siku 7.

Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, hata ukiwa umelala juani mwaka mzima. Chumvi iliyomo hula nondo kutoka ndani, nondo ikishika kutu inavimba, na zege linapasuka kwa mstari ulionyooka unaofuata nondo. Ukiona mstari huo, kuupaka saruji juu ni kazi bure. Lazima uchimbue hadi chumani.

Tunataka nguzo ya mawe ya matumbawe kama nyumba za kale za Mikindani. Inafaa?

Inafaa sana, mradi mtumie chokaa. Udongo wa kujengea uwe chokaa 1 kwa mchanga wa mto 3, chokaa iliyolowekwa muda mrefu, ikiwezekana miezi mitatu au zaidi. Piga plasta tabaka mbili za milimita 10, ya kwanza ikishikana ndipo uweke ya pili, na magunia mabichi yakae angalau wiki. Saruji juu ya matumbawe hufunga unyevu ndani. Chumvi inakusanyika nyuma ya plasta, inakauka, inavimba, na plasta inabanduka na uso wa jiwe. Hasara ni jiwe lenyewe, na plasta mpya haitalirudisha.

Kibao kiweje, na kiandikwe nini?

Granaiti ya sentimita 60 kwa 40, unene 2, ina kilo 13 hivi. Herufi za milimita 20 zinasomeka vizuri mita 5. Zichongwe zizame milimita 3. Rangi ya kujazia itapauka, lakini herufi zitabaki. Shikiza kwa skrubu za stenlesi daraja la 316. Skrubu za kawaida hulia machozi ya kutu ndani ya masika moja. Shaba nyekundu au njano pia hufaa, ila huibwa.

Maneno yasizidi 60. Mfano:

HAPA ILIPITA RELI YA KUSINI
KUTOKA MKWAYA NA MTWARA HADI NACHINGWEA
GEJI MILIMITA 1,000
KWA HESHIMA YA WAPIMAJI, WAHANDISI, MAFUNDI NA VIBARUA WALIOIJENGA

Kutu tunaizuiaje hapa pwani?

Fanya kazi kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa hazipo. Upepo wa kusi hubeba chumvi miezi hiyo, kwa hiyo anza kwa kuosha chuma kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, ukaushe, kisha brashi ya waya, msasa namba 80 na baadaye 120. Paka redi oksaidi mikono miwili na rangi ya mafuta mikono miwili. Anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, acha saa kumi. Ukipaka juu ya umande au chumvi, malengelenge yatatokea kabla ya mwaka kwisha, na kutu itaendelea chini ya rangi bila kuonekana.

Mahali pa kuangalia kwanza ni chini ya kitako cha reli, panapogusa taruma. Maji hukaa hapo. Kila mwaka legeza bolti, inua kwa mtaimbo, safisha, paka grisi, rudisha. Sehemu ya juu ya kichwa cha reli tunashauri iachwe bila rangi na kupakwa mafuta mazito kila miezi mitatu, ili chuma chenyewe kionekane.

Jiwe likiota ukungu mweusi tulisafishe kwa limao au siki?

Hapana kabisa kwa marumaru, matumbawe na chokaa. Tindikali huyayusha vyote vitatu. Maji, brashi ya nyuzi laini na subira vinatosha. Granaiti huvumilia sabuni.

Reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay ikipita hapo, kumbukumbu itabomolewa?

Reli hiyo imepangwa kuwa ya geji ya milimita 1,435, na wapimaji wake wanaweza kuchagua njia ileile ya zamani mahali fulani, maana bonde linalofaa reli halibadiliki. Ndiyo sababu tunapendekeza bolti badala ya kuzamisha reli kwenye zege, na kibao cha skrubu badala ya cha gundi. Ukiwa na spana ya saizi ya bolti zako, mtaimbo na watu sita, kila kitu isipokuwa msingi na nguzo kinahamishika kwa siku moja. Weka nakala ya majira ya mahali, picha na vipimo kwa afisa utamaduni na nyingine ofisi ya kijiji, ili wapimaji wakija wazikute.